Kopo la Shangazi na Uso Wangu

Chimala, Mbarali

Kamwene mama,

Natumaini goti limepata nafuu na tembo hawajayagusa mahindi yetu hapo Idodi. Mimi mzima, bado niko kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zimejaa kwenye nywele mpaka kwenye chai. Kopo la losheni ulilompa kondakta wa basi limefika. Losheni yenyewe sijaipaka na sitaipaka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningekubali.

Najua ni shangazi aliyelichanganya, kama lile la kwanza: tyubu mbili za krimu ya steroidi ndani ya losheni, unakoroga, unapaka usoni asubuhi na jioni. Hata hapa wanawake wanafanya hivyo sherehe ikikaribia. Na kweli mwanzoni pumu ya ngozi ilitulia, nikang'aa, mkanisifu kwenye picha. Picha za baadaye hamkuziona, maana sikuzituma. Ngozi ilikuwa nyembamba, vishipa vyekundu mashavuni, chunusi kidevuni. Nikiacha siku mbili uso unawaka na kuvimba, narudi mbio kwenye kopo.

Nikaenda Mbeya kwa daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo. Akaniuliza nimepaka muda gani. Miezi saba, nikamwambia. Akasema, "Dawa hii si mbaya, binti. Mmeipeleka mahali pasipo pake." Akanieleza kwamba krimu ile ni kali, inazima muwasho upesi. Mikononi, ambako ngozi yangu imekuwa ngumu, nipake kidogo kwa siku alizoandika, basi. Usoni nisiiguse tena. Na ukiichanganya kwenye losheni hujui hata unapaka kiasi gani.

Kwa uso alinipa marhamu nyingine, takrolimasi. Hiyo haifanyi ngozi kuwa nyembamba wala haimng'arishi mtu. Ila inachoma, mama, siku za mwanzo ni kama umejipangusa kwa mkono uliokata pilipili, na juani lazima nijifunike. Alinionya pia kwamba uso ungechafuka kwanza kwa kuacha kopo, na ulichafuka. Nililia wiki nzima. Sasa uvimbe umeshuka na weusi wangu unarudi kwa mabaka. Wenzangu mashineni wananiita Ramani. Nawaacha waite.

Jana shangazi alinipigia. Anasema siku ya sendofu, mkiniaga kwenda kwa mume, nikiingizwa ukumbini nimefunikwa khanga, yeye ndiye wa kunifunua mbele ya wakwe, na hawezi kufunua mabaka, eti watadhani tumewapa mgonjwa. Nilikasirika, mama, na bado nina hasira. Mchumba wangu Lusajo ananiona hivihivi kila wiki, na aliloniuliza ni kama inauma. Hao wengine watazoea.

Msalimie baba, dada yangu na wanawe, na mjomba wa Iringa mjini anayetushonea nguo za sherehe. Shangazi mwambie nampenda, ila losheni yake nimeimwaga, kopo nitamrudishia atilie chumvi. Na siku hiyo, kama yeye ataona aibu na wewe mama utaona aibu, niacheni nisimame katikati ya ukumbi. Khanga nitaifunua mwenyewe.

Mwanao,
Debora