Jina Lililo Kwenye Santuri

Mbuchi, 12 Machi 1956

Kwa Bwana Mwinjuma,

Sisi wazima. Mpunga umeanza kuchanua, na jino la mama yako limeacha kumuuma.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Kibiti kununua mafuta ya taa. Mwenye duka ana gramafoni mpya, akapiga santuri ya taarabu kutoka Dar es Salaam. Nikasikia beti nilizokutungia mwaka wa harusi yetu, neno kwa neno. Hakuna aliyekuwa nazo ila wewe. Lakini pale penye jina langu, “Mwanamina”, mwimbaji anasema “Johari”. Watu wakamsifu huyo Johari mpaka nikasahau mafuta.

Ulipoondoka kwenda huko Dar es Salaam ulisema biashara ya boriti sasa ni huru, kila mtu auze atakako. Kumbe na shairi langu ulilipakia humo humo! Johari ni nani? Usinijibu.

Huo uhuru mnaoufanyia mikutano huko, nami nimeuonja kidogo: nimetunga beti mpya. Ijumaa dada yako anaolewa, na wanawake wa Mbuchi wote wamekwisha kuzishika waziimbe harusini. Jina lililomo ni lako, na hapa hakuna wa kulibadili.

Ni mimi mkeo, mwenye beti,
Mwanamina binti Dadi