Shanga za Baba

Bukoto, Jumapili

Kaka Elie,

Anselme anapanda basi la Butembo kesho, nimempa barua hii. Huku mvua haikatiki, na paka wa jirani amezaa chini ya kitanda changu.

Najifunza ile abakusi ya Baba, fremu ya shanga aliyofundishia shuleni. Mama ananionyesha: waya wa chini ni mamoja, wa juu yake makumi. Shanga kumi zikijaa upande wa kulia, unazirudisha zote na kusukuma mmoja wa makumi. Mimi husahau kurudisha.

Unakumbuka hakutaka iguswe. Hapa Kampala kila asubuhi alisukuma ushanga mmoja, kimya, nikadhani ni uzee. Kaka, Baba ametutoka, wiki tatu sasa. Simu yako haipatikani. Wageni wa matanga walipokaribia, niliipangusa vumbi nikazirudisha shanga zote, ipendeze. Mama akaketi chini.

"Zilikuwa siku tangu Elie aondoke," akasema.

Nataka kuzipanga upya. Mama anasema uliondoka kabla ya Pasaka ya mwaka juzi, mimi nasema baada yake. Aliyejua hakika ni Baba. Niandikie tarehe tu, hata kama hurudi.

Mdogo wako,
Reine