Ufunguo wa Bikizee

Jumamosi, 2 Machi

Leo Bikizee kapiga chafya! Miaka kumi na sita gari limelala humu gereji, kuku wanatagia siti ya nyuma, leo—puu! puu!—moshi mweusi, kuku wote mbio mpaka kwa jirani. Injini imezunguka dakika nzima. Nimeruka kama mwehu.

Nimeunga nyaya, maana ufunguo anao Mzee, mfuko wa shati. Miezi kumi na moja namwomba baba yangu mzazi. Jibu ni lile lile, utapoteza. Injini nzima nimefungua na kurudisha, nati haikupotea hata moja. Ufunguo ndio nitapoteza!

Mama kasema nikaoge, nanuka kama kituo cha mafuta.

Jumanne, 5 Machi

Puti niliyozibia mabonde ya bodi imekauka. Msasa milango yote. Vidole havina ngozi—nikiiba leo hawapati alama.

Mzee kaja na kiti chake, kakaa mlangoni. Nikajua leo atasema neno. Kasema. Kauliza kaka yako anakuja lini. Nikamwambia Jumapili. Kafurahi, kabeba kiti chake, kaondoka.

Kaka ndiye Mheshimiwa wetu. Humu gereji kaingia mara moja tu, kapiga picha, kafuta kiatu.

Alhamisi, 7 Machi

Breki! Pedali inazama kama jiwe kisimani. Nimemwita Kobe, fundi wa breki. Anakaa nyumba ya tatu, kafika baada ya saa mbili. Kaingia chini ya gari, kimya, nikajua kasinzia. Kumbe anaangalia. Kasema mpira wa pampu ya breki umekufa, mpya ataleta Jumatatu. Ukikanyaga mara tatu haraka haraka inashika, ukikanyaga mara moja huna kitu. Ila nje ya geti usitoke, mdogo wangu, ule mteremko haujui utani.

Sawa mkuu, nitapiga hodi tatu kama mgeni mwenye adabu.

Ijumaa, 8 Machi

Rangi. Krimu ile ile ya zamani. Imetoka nzuri mpaka nimenyamaza. Mimi!

Mama kashika mdomo. Kasema lilikuwa hivi hivi siku lilipomleta Mheshimiwa kutoka hospitali. Mimi nililetwa kwa miguu, mvua inanyesha. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa.

Nikamwambia Mzee, Jumatatu breki zikikaa sawa nakuendesha, wewe kaa nyuma kama waziri. Hakucheka. Kasema gari hili la mtoto aliyesoma. Kama mtu anayeagiza chumvi! Mimi darasa la nne alinitoa yeye mwenyewe, kasema msomi mmoja anatosha.

Nikacheka. Si ndiyo kazi yangu?

Jumapili, 10 Machi

Mheshimiwa kafika, shati jeupe. Kazunguka gari, kapiga boneti kofi, kasema kumbe halikuwa limeharibika sana. Halikuwa limeharibika sana! Panya walishazaa vizazi vitatu kwenye bomba la moshi!

Mzee katia mkono mfukoni. Katoa ufunguo, umefungwa kwenye kitambaa. Nikafuta mkono wangu kwenye suruali—mjinga mimi, nilifuta mkono! Kampa Mheshimiwa. Haya mwanangu, tutembeze.

Nikasema Mzee, breki hazija— Kasema nyamaza, wewe kila siku utani. Kaka kacheka, kaniambia kafungue geti, bwana mdogo.

Nimefungua.

Sasa nimekaa juu ya tairi la spea, mwisho wa gereji, naandika na penseli ya kuchoria bati. Injini inanguruma, tamu, mkono wangu huo. Mzee kakaa mbele, mikono juu ya magoti. Kaka anajitazama kwenye kioo. Geti wazi, barabara inashuka moja kwa moja mpaka njia panda.

Kanyaga mara tatu. Maneno matatu tu. Lakini si nimeambiwa ninyamaze? Nimenyamaza. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwa mtoto mtiifu nyumba hii.

Wanamsubiri Mama. Naye anapanda. Anatafuta viatu vyake vyeusi vya kutokea, anapiga kelele toka ndani, msiniache jamani!

Viatu viko hapa, chini ya meza ya spana, karibu na mguu wangu. Nilivisogeza mwenyewe juzi visirukiwe na rangi.

Ananiita. Anauliza baba, viatu vyangu hujaviona?

Sijamjibu.