Ufunguo Anao Nani? Kumbukumbu ya Mjukuu Wetu, Nyongeza

Mwaka umetimia leo, mjukuu wetu mpendwa, tangu Jumamosi ile ya mvua ulipotoka nyumbani kwetu saa nane mchana, ukasema utarudi kabla chai haijapoa. Chai ilipoa. Bibi yako hakuimwaga mpaka Jumatatu.

Familia imenitaka mimi, babu yako, niandike maneno haya kwa niaba ya wote, kwa kuwa ndimi niliyekulea baada ya baba yako kufariki, na kwa kuwa, kama bibi yako alivyosema, "Wewe ndiye mwenye la kumwambia." Ni kweli ninalo. Nitalifikia.

Ulikuja duniani kwa kutanguliza miguu, na bibi yako hakuacha kukutania kwa hilo. Ulipotutangazia mezani kwamba unagombea ubunge kwa chama cha upinzani, mimi niliweka kijiko chini. Yeye alicheka hadi akashika mbavu. "Mke mwenzangu huyu alianza upinzani tumboni," alisema. "Wenzake wote walitanguliza kichwa."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeitumikia Serikali miaka thelathini na minne, mkuu wa stesheni ya reli, na sikuwahi kumbishia mkubwa wangu hata siku moja. Sikusema nawe miezi minne. Ulipiga simu kila Jumapili vilevile, ukaniuliza hali, nami nikakujibu "Nzuri" na kumpa bibi yako simu. Lakini siku ya kuapishwa kwako nilivaa tai nikaja. Ulipoinua mkono kula kiapo, niliona umesimama kama nilivyokufundisha, visigino pamoja. Ilinibidi nivue miwani niifute, nayo haikuwa na vumbi.

Kazi yako uliijifunzia ofisini kwangu. Ulikuwa ukishinda pale baada ya masomo, na gari moshi likichelewa ulinisikia nikimuuliza dereva swali moja tu: "Kwa nini?" Kisha nilinyamaza, kalamu mkononi, hadi ajibu, nikaandika jibu lake kama alivyolitamka, pamoja na saa. Nilikuambia kwamba swali huulizwa mara moja, na anayelirudiarudia humpa mwenzake nafasi ya kutafuta uongo. Neno hilo uliingia nalo bungeni. Daftari lako uliligawa kwa mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto swali lako, kulia jibu la Waziri, na tarehe.

Wenzako walikuita Nyongeza kwa sababu kila Waziri alipomaliza kujibu, wewe ulikuwa umekwisha simama kuomba swali la nyongeza. Ulituhadithia jinsi Waziri mmoja alivyokukuta kwenye ngazi asubuhi, akakusihi, "Dada, leo niache, mgongo unaniua." Ukamjibu, "Pole sana, kaka. Bahati nzuri swali langu la leo halihusu mgongo." Ulimbana hadi akatoka jasho, na kesho yake ukampelekea dawa ya kuchua. Aliyeniambia habari ya dawa si wewe. Ni wanawake wanaofagia ukumbi ule, waliokuja kukuzika wakiwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na kisa cha namna hiyo.

Sasa nifike ninakokwenda.

Katika jimbo lako kuna kituo cha afya kilichojengewa chumba cha upasuaji. Kilizinduliwa kwa utepe mwekundu, na ukutani pakabandikwa bamba la jiwe lenye jina la aliyekata utepe. Wageni walipoondoka, mlango ukatiwa kufuli. Miaka mitatu baadaye kufuli lilikuwa lingali pale. Ulinichukua nikaone. Ulifuta kioo cha dirisha kwa ncha ya kitambaa chako cha kichwa, tukaona kitanda kikiwa bado ndani ya nailoni yake na taa kubwa juu yake. "Mzee," muuguzi wa pale aliniambia, "sisi hapa kazi yetu ni kuchungulia tu." Mama aliyeshindwa kujifungua ilimlazimu kupelekwa mjini, mwendo wa saa mbili, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

Ulimuuliza mkandarasi, akasema alikwisha mkabidhi ufunguo mganga mkuu. Mganga mkuu akasema hajapokea kitu, anasubiri idhini ya wizara. Wizara ikasema haiwezi kuidhinisha jengo ambalo mkandarasi hajalikabidhi. Ukarudi kwetu ukachora mduara katika daftari, ukatuonyesha.

Siku ulipolipeleka jambo hilo bungeni nilikuwapo, jukwaa la wageni, ambako mtu haruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kukohoa kwa makusudi. Waziri alisimama na karatasi yake.

"Mheshimiwa Spika, naomba kwanza nimpongeze Mheshimiwa Mbunge kwa jinsi anavyowapigania akina mama wa jimbo lake. Serikali inatambua umuhimu wa chumba hicho, na mchakato wa kukikamilisha uko katika hatua nzuri."

Meza zikapigwa. Ukasimama.

"Mheshimiwa Spika, pongezi nimezipokea, nitawafikishia akina mama. Swali langu la nyongeza ni fupi. Ufunguo anao nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Kamuulize fundi kufuli!" mmoja wa upande wa Serikali alipaza sauti.

"Ningemuuliza," ulimjibu bila kugeuka, "lakini yeye angenijibu."

Waziri alipindua karatasi, akaipindua tena. "Mheshimiwa Spika, swali hilo ni la kitakwimu. Naomba nipewe muda."

"Takwimu za ufunguo mmoja?" ulisema ukiwa umekwisha keti, nje ya kipaza sauti, na hata Spika alijifunika mdomo kwa leso. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikohoa kwa makusudi.

Swali likapangwa tena katika mkutano uliofuata, siku ya Jumanne. Jumapili kabla yake ukanipigia.

"Babu, Waziri amemtuma msaidizi wake. Anaomba niliahirishe wiki mbili, eti atakuja na jibu kamili. Wenzangu wanasema nisikubali, nimbane keshokutwa hapohapo. Wewe unasemaje?"

"Amekuomba kwa adabu?"

"Kwa adabu sana."

"Basi mpe. Mtu mzima akiomba muda wa kujibu, hupewa. Kiongozi hawezi kuahidi jibu mbele ya Bunge zima kisha akaja mikono mitupu."

Nilisikia ukifungua daftari. "Haya, naandika," ulisema. "Wiki mbili. Kwa ushauri wa mkuu wa stesheni." Tukacheka wote wawili, na tukaagana hivyo.

Jumanne ikapita bila swali. Jumamosi ya juma hilohilo ulikuwa kwetu, bibi yako ndiyo kwanza anamimina chai, muuguzi alipopiga simu. Alikuwapo mama katika uchungu tangu alfajiri. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na gari la wagonjwa lilikuwa juu ya mawe, halina matairi mawili ya nyuma. Ulikwisha vaa viatu kabla hajamaliza kusema.

"Mwenzangu huyo, Bibi," ulisema mlangoni. "Ametanguliza miguu. Mwanachama wetu kabla ya kuzaliwa. Naenda kumpokea."

Dereva wako ndiye aliyetueleza yaliyobaki. Muuguzi hakuweza kukiacha kituo, kwa hiyo katika safari ya mjini ulikaa nyuma ya gari lako peke yako, kichwa cha yule mama mapajani mwako. Ukamwambia dereva, "Kaka, endesha kama umebeba mayai, lakini mayai yenye haraka." Mvua ilikuwa kubwa. Kwenye kona ya pili baada ya daraja palikuwa na lori bovu katikati ya njia, na aliyeliacha hakuweka hata tawi la mti nyuma yake. Walipofika watu wa kusaidia, wewe na yule mama mlikuwa mmekwisha fariki, mkono wako ungali katika wake. Mtoto hakupata kuiona dunia, kwa miguu wala kwa kichwa. Dereva alitoka na mguu uliovunjika, na kila mwezi huja kwetu kwa mkongojo kutuomba radhi, nasi kila mwezi humwambia hana kosa.

Watu wema wananiambia kwamba swali moja, hata lingeulizwa Jumanne ile, lisingefungua kufuli kufikia Jumamosi. Huenda. Lakini mimi nimefanya kazi ya saa na dakika. Nimeona dakika nne zikiwa tofauti kati ya magari moshi mawili kupishana na magari moshi mawili kugongana. Siwezi kukuandikia hapa kwamba sikuhusika. Ulikuja kwangu na swali lililoiva, nikakuambia ungoje, kwa sababu nilimwamini mwenye cheo kuliko nilivyowaamini wanawake waliokuwa wakichungulia dirishani.

Baada ya maziko wanawake wa jimbo lako walinijia na nyundo na patasi. "Mzee, tupe ruhusa tu," walisema, "tukalivunje." Nikawakataza. Niliwaambia mali ya Serikali haivunjwi, na kwamba wewe ulikuwa mtu wa sheria. Wakaniheshimu, wakarudi na nyundo zao. Sijui kama nilitenda haki. Nakuuliza wewe, maana siku hizi sina mwingine wa kumuuliza.

Swali lako lilikuwa limekwisha chapishwa katika orodha ya shughuli, nami wiki mbili zilipotimia nikaenda bungeni na tai ileile. Walisimama kimya dakika moja kwa heshima yako. Kiti chako kilikuwa kimewekewa ua jeupe. Kisha maswali yakaanza, na namba yako ikafika. Jirani yako wa kiti, yule daktari wa mifugo uliyekuwa ukimtania kwamba wagonjwa wake ndio pekee wasiolalamika, alisimama.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Mheshimiwa Mbunge aliyetangulia mbele ya haki, naomba swali lake lijibiwe."

Spika hakuwa mkali. Alikuwa na huzuni, nadhani, na alikuwa na kitabu cha kanuni. "Mheshimiwa, aliye safarini au mgonjwa anaweza kumtuma mwenzake. Marehemu hawezi kutuma. Swali limeondoka na mwenye swali. Tuendelee."

Waziri alikuwa amekwisha inuka nusu. Alikuwa na karatasi mkononi, mjukuu wangu. Niliiona kwa macho yangu, imepigwa chapa, mistari mitatu au minne, si zaidi. Aliikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa koti, akaketi. Kwa hiyo jibu lilikuwapo. Lilikuwa hatua kumi na tano kutoka kwenye kiti chako, likaondoka ukumbini mfukoni mwa mtu.

Kanuni ile nisingeweza kuilaumu. Miaka yangu yote stesheni, na mimi ningeamua vivyo hivyo.

Daktari wa mifugo aliliandika upya kwa jina lake, likawekwa nyuma ya maswali mia moja na kumi. Mkutano ukafungwa kabla halijafikiwa, na ulipofunguliwa mwingine aliambiwa jimbo hilo sasa lina mbunge wake, ni juu ya mbunge huyo kuuliza. Aliyerithi kiti chako ni wa upande wa Serikali. Nilimwendea. Alinikaribisha vizuri, akaniita baba, akaniambia mchakato uko katika hatua nzuri.

Juma lililopita nilikwenda kituoni. Kufuli lingali pale. Muuguzi ni kama amelipaka chokaa dirisha lile moyoni mwake, maana alikataa kutazama upande ule alipokuwa akisema nami. Kitanda kingali ndani ya nailoni. Tangu ulipotutoka, wanawake wengine watatu wamepelekwa mjini kwa njia ile, na mmoja hakufika.

Daftari lako ninalo. Katika ukurasa wa mwisho, upande wa kushoto, swali limeandikwa kwa mwandiko wako, na chini yake: "Wiki mbili." Upande wa kulia ni mtupu. Nina umri wa miaka themanini na mmoja, na sijapata kumuuliza mkubwa swali mbele za watu. Leo namuuliza Waziri katika gazeti hili, nikiwa hai, nikiwa na akili zangu timamu, nikiwa nimejituma mwenyewe. Mheshimiwa, ufunguo wa chumba cha upasuaji anao nani?

Nimeuliza mara moja. Kalamu iko mkononi.

Unakumbukwa na bibi yako, ambaye Jumamosi bado humimina kikombe kimoja zaidi. Na mama yako. Na mumeo na wanao wawili, ambao mkubwa wao ameanza kugawa daftari lake la shule kwa mstari katikati. Na kaka zako na wake zao. Na dereva wako. Na daktari wa mifugo. Na wanawake kumi na mmoja wa ufagio. Na familia ya yule mama uliyemshika mkono, ambayo leo itaketi nasi. Na mimi, babu yako.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Nyongeza. Tumesimama, visigino pamoja, tunasubiri jibu.