Maneno Yaliyozikwa Pamoja na Babako

Linet,

Uji uko kwa thamosi. Kuku nimeshawalisha.

Asubuhi uliponiuliza Biblia ya babako, nilikwambia ukweli: tulipomzika niliiweka mimi mwenyewe mikononi mwake. Sikujua ameandika ndani yake yale maneno kumi na mawili ya kufungua pochi yake ya bitkoini, zile pesa za mtandaoni. Hukunigombeza. Ulinimiminia chai, ukageukia ukuta ukilia.

~~Nimeenda kumwita jirani Ngui aje na jembe tufukue kaburi.~~ Hapana. Nimeenda kanisani. Karo yako imelala na babako, na mimi siwezi kumsumbua mwanangu.

Ile pochi yako mpya ya bitkoini ya kulipia vitu dukani, andika maneno yake kwa karatasi mbili. Moja weka, nyingine mpe shangazi yako Ndila. Mimi usinipe.

Nyanyako, Susu