Kicheko cha Mama Kwenye "Benchi la Kusubiri"

Nyumba ya kona, nyuma ya posta,
Ijumaa, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Mgongo umepoa, au bado unainuka kitandani kwa awamu kama ulivyotusimulia kwenye simu? Mkaza mjomba hajambo? Natumaini anakulazimisha kutembea, maana wewe ukiachiwa kiti hamtengani tena mpaka chakula kiive.

Sisi huku hatujambo. Baba analalamikia goti, saluni yangu inakwenda, na wanangu wanakula kama wamekodiwa kumaliza akiba. Sasa nimekwisha kusalimu kama mtu mwenye adabu, niruhusu nikasirike.

Mjomba, hivi unakitazama kipindi chako? Najua ulikiacha ulipohama, lakini jina lako bado linapita mwisho wa "Benchi la Kusubiri" kila Alhamisi jioni, kwa herufi kubwa, kwamba wewe ndiwe mwanzilishi. Ningekuwa wewe ningewaomba walifute. Wiki iliyopita mwanamume kavaa gauni, kajaza mito kifuani, akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena. Kisha akatutazama na kusema, "Nimeanguka!", asije mtu akakosa kuona. Baada ya hapo wakamleta mtu mwenye kigugumizi anayeomba kazi, na kichekesho chote kikawa ni hicho kigugumizi, hakuna kingine. Katikati mmoja wao akatoa sabuni mfukoni, akaisifia mpaka nikasahau nilikuwa natazama nini.

Hicho ndicho kipindi kilichokuwa kikitoa watu barabarani! Unajua mlivyokuwa mkifanya kazi, lakini nitakukumbusha kwa sababu leo nina haja ya kusema. Kila kichekesho mlikiigiza kwanza mbele ya Mama, dada yako, katoka zake sokoni, kakaa kwenye kiti cha plastiki na kikapu miguuni. Asipocheka, hakirekodiwi; akicheka, siku ya kurekodi mnamkalisha ukumbini acheke tena. Waigizaji walimwogopa kuliko mkurugenzi. Kile cha mteja anayekwenda kuchukua viatu vyake akamkuta fundi kavivaa, mlikirudia mpaka jasho likawatoka, Mama kimya. Mwishowe akawaambia, "Mnamcheka fundi kwa kuwa hana viatu. Hebu huyo mteja ndiye aone haya kumwambia." Mkakigeuza. Mteja akaona haya, akavisifia viatu, akauliza vinauzwaje, akaondoka peku huku akishukuru. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka Mama alivyoteleza kwenye kile kiti. Kicheko chake unakijua: kinaanza na mlio mwembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, kinakwama, halafu kinamwagika. "Uwii, niacheni jamani!"

Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Jumatatu nilikuwa saluni, mikono imejaa rangi ya nywele, televisheni inarudia kipindi cha Alhamisi. Yule mwenye kigugumizi akashindwa kutamka jina lake mwenyewe. Na hapo, Mjomba, nikamsikia Mama. Bawaba, kukwama, kumwagika. "Uwii, niacheni jamani!" Mama tuliyemzika mwaka juzi, anamcheka mtu kwa ajili ya ulimi wake! Mama aliyemchapa kaka yangu mbele ya wageni kwa kumwigiza jirani anavyotembea!

Nilizima televisheni na rangi yangu mikononi, kitufe hadi leo ni cheusi. Mteja akanung'unika kwamba ndiyo kwanza kinanoga. Nilimwosha kichwa kwa maji ya baridi.

Kumbe siku hizi hawana watazamaji ukumbini. Wanachukua vicheko kwenye kanda za zamani, zile zenu, na kuvibandika chini ya upuuzi wao. Watu waliocheka kwa haki yao miaka ile wanalazimishwa kucheka leo, na waliokufa ndio hawawezi hata kukataa.

Kesho yake nikaenda studio. Ule ukumbi wenu wameugeuza stoo, mabenchi yamepandana mpaka darini. Mtayarishaji wa sasa ni kijana wa viatu vyeupe pe, na alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kweli kweli: akanipa soda, akaniita dada, akasema familia yetu ni hazina. Kisha akafungua kompyuta.

"Aah, unazungumzia namba saba! Hicho tunakipenda kuliko vyote, dada. Hicho ndicho kinachobeba kipindi."

Namba saba, Mjomba. Mwanamke aliyekulea wewe baada ya bibi kufariki, aliyekufulia shati la kuendea kwenye mahojiano yako ya kwanza ya kazi, sasa ni namba saba. Nilimuuliza yule kijana yeye ni namba ngapi. Hakunielewa. Mtu wa vichekesho, na hakunielewa!

Nikamwambia akitoe. Akasema hana uwezo huo. Kwa mapatano yenu ya zamani kanda zile ni zako, wao wameruhusiwa kuzitumia tu, na anayeweza kuwazuia ni wewe peke yako, kwa maandishi. Nikatoka pale nimeshakuandikia kichwani. Ile barua ilikuwa fupi, na haikuwa na salamu.

Lakini kabla sijashika kalamu nikamwambia Baba. Nikueleze kwanza kwamba Baba hajawahi kukosa kipindi hata kimoja. Alhamisi ikifika ananyoa ndevu, anavaa shati safi na kukaa mbele ya televisheni kama anayesubiri mgeni. Mimi nilikuwa namkasirikia na yeye pia, kimoyomoyo. Nilidhani uzee umeanza kumla akili, maana mtu aliyeishi na Mama angeuvumiliaje uchafu ule? Nilipomwambia kwamba nitakuomba uwazuie, aliweka kikombe chini.

"Unataka kumnyamazisha mama yako?"

"Baba, wanamtukanisha!"

"Najua wanamtukanisha. Mimi si kiziwi. Lakini humu ndani tuna sauti yake nyingine?"

Hatuna. Picha tunazo za kujaza sanduku, ila sauti hakuna aliyefikiria kuirekodi. Nani angefikiria, kwa mtu aliyekuwa akisikika mpaka nyumba ya tatu? Nilikwenda jikoni nikagombana na masufuria.

Jana, Alhamisi, nikaketi naye. Kila kicheko cha Mama kilipotokea, Baba alifumba macho mpaka kikaisha, kisha akatikisa kichwa. "Hapa asingecheka." Yule wa mito akaanguka. "Hapa asingecheka. Hapa angechukua kikapu chake akaondoka." Anayesema hayo ni Baba, Mjomba, mtu ambaye tangu nimjue hajacheka mbele za watu! Siku zile akija kumchukua Mama studio mlikuwa mkinong'ona kwamba shemeji yenu kameza fimbo. Kumbe muda wote ule hakuwa akiwatazama nyinyi. Alikuwa akimtazama yeye.

Karibu na mwisho akaja Kifuniko, mkongwe mwenzako, ndiye pekee aliyebaki katika kundi lenu. Alikuwa anatoka kwa hasira kwenye ofisi ya karani. Akaubamiza mlango nyuma yake, pindo la koti likabanwa. Jambo hilo halikuwa limepangwa, lilionekana usoni mwake. Akavuta, wapi. Basi akasimama, akakohoa, akarekebisha tai, akaugonga ule mlango taratibu, kwa adabu zote.

Baba akainua kidole. "Hapa," akasema. "Hapa angecheka mpaka alie."

Na hapo palikuwa kimya. Wale wajinga hawakuweka kitu. Mahali pamoja tu katika kipindi kizima ambapo Mama angecheka, ndipo walipomwacha nje. Basi akacheka Baba, peke yake, kicheko kibovu cha mtu asiye na mazoezi, kikaishia kwenye kikohozi, nami nikawa nampigapiga mgongoni huku nalia kwa hasira.

Kwa hiyo ombi nimelibadili, hasira sijaibadili. Usiwaandikie wakitoe kicheko cha Mama. Waandikie kwamba ni marufuku kukiweka popote mpaka Baba akae ukumbini, atazame wanavyoigiza, na aseme mwenyewe kwamba hapa angecheka. Watakwambia haiwezekani, muda hautoshi, mambo ya kisasa. Waambie basi kanda zako zote wazirudishe kabatini. Wakimaliza mwezi mzima bila kupata kicheko hata kimoja, shauri yao, na wasikie jinsi walivyo. Wewe ni mpole, Mjomba, na upole wako ndio umetufikisha hapa. Mara hii usiwaandikie kwa upole.

Baba amekubali. Ana swali moja tu: je, akishasema hapa angecheka, watamwekea kicheko cha Mama akisikie palepale, au itabidi asubiri mpaka Alhamisi? Hilo naomba uliandike juu kabisa, kabla ya yote.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na binamu yangu fundi umeme na watoto wake. Yule anayesomea uuguzi mwambie nywele zake nimeziona pichani na tutazungumza. Baba anakusalimu, kaka yangu dereva pia, na wanangu wanakuamkia. Mungu akunyooshee mgongo, akupe siku nyingi, na akujaze hasira kidogo, ya kutosha karatasi moja.

Wako akupendaye, hata kwa leo,
Mpwa wako wa saluni.