Mzungu Aliyechota Maji kwa Chupa

Mjukuu wangu Nyakundi, mume wangu,

Huku Kiogoro tu wazima, na mama yako amepona kifua. Unaniuliza kama nimewahi kusikia habari za bomu la atomiki. Nilizisikia mtoni, kwa mhandisi Mzungu aliyetujengea daraja.

Alichota maji kwa chupa, akaifunga. Kwetu anayefanya hivyo anataka kuloga, basi wanawake tukapiga kelele: "Mchawi!"

Akacheka. "Napima kama yanafaa kwa saruji. Wakati wa vita vya pili vya dunia tulipima maji ya mito ya adui, tujue kama anatengeneza bomu la atomiki, maana mitambo yake hupozwa kwa maji ya mto na kuacha sumu humo."

"Mkalipata?" nikauliza.

"Adui hakuwa nalo," akasema, hacheki tena. "Sisi ndio tuliokuwa nalo."

Daraja lake tunalivuka hadi leo tukipeleka ndizi sokoni. Wewe uliyesoma, niambie: tulikosea kumwita mchawi?

Nyanya yako, Kemunto